Namna ya Kusafirisha Nafaka kwa Reli Fupi ya Mizigo

Nchini Marekani, mkulima aliye mbali na njia kuu za treni mara nyingi hutegemea reli fupi, yaani kampuni ndogo inayokusanya mabehewa vijijini na kuyakabidhi kwa kampuni kubwa. Nyingi kati ya hizo zilianzishwa baada ya Sheria ya Staggers ya mwaka 1980, ambayo ilizirahisishia kampuni kubwa kuuza au kuyaacha matawi ya njia za reli yasiyozilipa.

Kabla ya kuzungumzia bei, uliza njia yenyewe inahimili uzito gani. Behewa la kisasa la nafaka huruhusiwa kufikisha pauni 286,000, takriban tani 130, pamoja na shehena yake, lakini matawi mengi ya zamani yana reli nyepesi na madaraja yasiyoweza kubeba uzito huo. Kwenye tawi la aina hiyo utalazimika kupakia pungufu, na gharama ya kila tani itapanda hata kama nauli ya behewa haikubadilika. Ligundue jambo hili kabla hujasaini mkataba.

Agiza mabehewa mapema, kwa kuwa msimu wa mavuno kila ghala huyahitaji kwa wakati mmoja. Behewa moja hubeba takriban tani 100, sawa na malori matatu au manne, hivyo hakikisha nafaka ya kulijaza iko tayari. Behewa likikaa kwako kupita muda uliokubaliwa, utatozwa faini ya ucheleweshaji, nayo huweza kumeza faida yote.

Siku ya kupakia, hakikisha breki ya mkono imefungwa, kisha kagua ndani: pawe pakavu, pasiwe na mabaki ya shehena iliyotangulia, na milango ya chini iwe imefungwa barabara. Mimina nafaka kwa usawa katika vyumba vyote, maana behewa lililoelemea upande mmoja ni hatari kwenye njia iliyochakaa. Asiingie mtu ndani ya behewa nafaka ikiwa inatiririka. Humzamisha kwa sekunde chache.

Hatimaye, andika namba ya kila behewa kwenye hati ya shehena, na uulize ni siku zipi reli fupi hukabidhi mabehewa kwa kampuni kubwa. Treni hizi hazipiti kila siku, kwa hiyo behewa lililokamilika saa chache baada ya treni kuondoka litasubiri safari inayofuata, pengine siku kadhaa.