Jinsi ya kupuliza mapovu ya hewa kwenye kibadilisha joto ili kihamishe joto zaidi

Kama kibadilisha joto chako (kifaa chenye pande mbili, joto linapita ukuta wa paipu kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila vimiminika kuchanganyika) kimezidiwa, maji yanaingia na kutoka lakini joto halihami vya kutosha, kabla hujanunua kikubwa zaidi jaribu kupuliza hewa kidogo ndani ya maji. Maji yanayogusa ukuta wa paipu huwa yanakwenda polepole mno, yanafanya kama utando na joto lote lazima lipenye hapo, sasa mapovu yakipita yanauvuruga huo utando, maji ya katikati yanasogea ukutani na ya ukutani yanaondoka. Hewa yenyewe inapitisha joto kidogo sana kuliko maji, tofauti yake ni zaidi ya mara 20, kwa hiyo kazi yake ni kukoroga tu, ukiizidisha inageuka kuwa blanketi.

Kwanza safisha ukoko, maana mapovu hayatibu paipu chafu. Halafu chagua upande ambao maji yanakwenda taratibu. Namba ya Reynolds (kipimo cha kama maji yanatiririka kwa utulivu au yanavurugika) ikiwa chini ya 2,300 hivi ndo kuna faida kubwa, ila kama maji tayari yanavurugika vizuri usitegemee makubwa.

Hewa ingiza BAADA ya pampu, sio kabla, pampu ikivuta hewa inapoteza nguvu au inaacha kabisa kusukuma. Tumia kijipaipu chenye matundu madogo ya kama milimita 1, kikae chini pale maji yanapoingia na maji yapande juu. Paipu ikilala, mapovu yanakimbilia juu yanaungana na ule upande wa juu unabaki mkavu. Weka vali ya njia moja ili maji yasirudi kwenye kompresa, na presha ya hewa iwe juu kidogo ya presha ya maji pale unapoingizia.

Anza kidogo, mfano maji lita 20 kwa dakika hewa lita 1, subiri joto litulie, andika, ongeza kidogo, andika tena. Hapa wengi wanadanganyika. Wanaona maji yalikuwa yanapanda nyuzi 10 sasa yanapanda 12, wanafurahi, kumbe mapovu yameongeza ukinzani na maji yameshuka mpaka lita 16. Piga hesabu: kilo za maji kwa sekunde mara 4.18 mara tofauti ya nyuzi, unapata kilowati. Mwanzo ilikuwa kama 13.9, sasa ni 13.4, yaani umepoteza! Kwa hiyo pima na mtiririko kila mara, na mita ikae kabla ya sehemu ya hewa kwa sababu mapovu yanaivuruga. Toa pia umeme wa kompresa kwenye hesabu.

Mwisho weka vali ya kutolea hewa sehemu ya juu kabisa ya njia ya kutokea. Na kama ni mfumo wa chuma unaozungusha maji yaleyale, usifanye hii kitu kabisa, oksijeni itaula kwa kutu.