Somo: Swichi ya kuhamisha sauti kati ya hedifoni na sabufa

Kuchomeka na kuchomoa jeki kila siku kunaua tundu la kompyuta. Linalegea, upande mmoja unakatika, mwishowe unasikiliza huku umelikandamiza kwa kidole. Swichi ndogo inamaliza tabu hiyo, wala haihitaji umeme.

Tafuta swichi ya miguu sita, jeki ya stereo ya mm 3.5 yenye waya wake, tundu la jeki la hedifoni, na matundu mawili ya AV ya kwenda kwenye sabufa, jekundu na jeupe. Swichi ya miguu mitatu usiichukue: inahamisha waya mmoja tu, nasi tunao wa kushoto na wa kulia.

Kwenye jeki, ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, shina ni ethi, yaani waya wa pamoja wa kurudishia. Rangi za nyaya usiziamini, pima kwa mita.

Miguu ya swichi imepangwa safu mbili, mitatu mitatu. Mguu wa kati wa safu ya kwanza upe kushoto ya kompyuta, wa safu ya pili upe kulia. Jozi ya mwisho mmoja iende kwenye hedifoni, jozi ya mwisho wa pili iende kwenye AV: jeupe kushoto, jekundu kulia. Ethi zote ziunganishe pamoja moja kwa moja, zisipite kwenye swichi.

Wengi hukwama kwenye kulehemu. Nyaya nyembamba za hedifoni zimepakwa vanishi, kwa hiyo risasi inateleza na kujiviringisha pembeni. Zikwangue taratibu kwa wembe mpaka shaba ing'ae, ndipo uzipake risasi.

Ukipata kopo la chuma, funga swichi humo na uliunganishe kopo na ethi, mvumo utapungua.

MASWALI

Mkuu, naweza kuiweka kati ya amplifaya na spika?
Hapana, ndugu yangu. Amplifaya nyingi hasi ya spika si ethi. Ukiunganisha hasi hizo pamoja unaweza kuunguza IC, ile chipu ya amplifaya. Hedifoni nazo zitaungua. Swichi hii inakaa kabla ya amplifaya.

Yangu inasikika sikio moja.
Pima miguu ya kati kwanza, kisha ile vanishi.

Nikihamisha, sabufa inapiga kishindo.
Punguza sauti ya sabufa kabla ya kuhamisha. Kishindo kikiwa kikubwa au mvumo ukibaki, kagua ethi, huenda imeachia.

Na maiki ya hedifoni?
Kwa mchoro huu haipiti. Tumia maiki ya pembeni.