Somo: Umepata kazi ya TA (msaidizi wa kufundisha chuoni) Marekani? Jiandae hivi kabla ya kusimama darasani

Ndugu zangu, habari za siku. Kila ikifika mwezi wa saba napata ujumbe uleule: "Kaka, nimepata PhD yenye ufadhili, ila barua inasema nitafundisha. Kiingereza changu kitatosha kweli?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Mimi ni Mtanzania, niko mwaka wa nne wa uzamivu wa takwimu kwenye chuo kimoja cha majimbo ya kati. Nimefundisha mihula sita. Jibu langu ni kwamba Kiingereza chako kinatosha kuliko unavyodhani. Wengi wetu tunaangushwa na mazoea ya darasani tuliyotoka nayo nyumbani.

Halafu tuelewane: TA wa huku si TA wa Bongo. Kwetu Tutorial Assistant ni mwajiriwa wa chuo, kamaliza na GPA ya kutisha, ana meza yake na heshima zake. Huku TA ni mwanafunzi kama wewe, analipiwa ada na kupewa posho kwa kufanya kazi, mara nyingi saa 20 kwa wiki. Ukiwa na viza ya mwanafunzi, F-1, huruhusiwi kuzidisha hizo saa 20 chuoni wakati masomo yanaendelea. Profesa anatoa lekcha kwa watu 200, wewe unabaki na 24 kwenye chumba kidogo, dakika 50, wanakutazama usoni.

Hatua ya 1: Jua utapimwaje

Kuanzia miaka ya 1980 wanafunzi na wazazi walilalamika sana kwamba hawawaelewi walimu wageni, na majimbo kadhaa yakatunga sheria. Ohio walitunga 1986, Pennsylvania 1990. Ndiyo maana hata mwenye alama nzuri za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza wa kuombea chuo, anaweza kuitwa apimwe upya kuongea. Purdue wana mtihani wao wa kwenye kompyuta, OEPT. UCLA wana TOP, ambao unasimama na kufundisha kipande cha somo huku wanafunzi wa shahada ya kwanza wakikuuliza maswali. Kila chuo kina utaratibu wake. Waandikie idara kabla hujapanda ndege, uliza mtihani ni upi, lini, na ukianguka wanakupa kazi gani wakati unasubiri kurudia. Kwa kawaida ufadhili haufutwi, unapewa kusahihisha tu na kozi ya kuongea. Lakini uliza, upate jibu la maandishi.

Vyuo vingine vinawasamehe waliosoma kwa Kiingereza, vingine havimsamehi mtu. Ukiambiwa upimwe, usianze kubishana kwamba kwetu Kiingereza ni lugha rasmi. Nenda kapimwe.

Hatua ya 2: Jirekodi, kisha sikiliza mkazo

Chukua simu, eleza dhana moja ya fani yako kwa dakika tano, kama unamweleza mdogo wako. Sikiliza. Utachukia sauti yako, ni kawaida.

Usihangaike kuiga lafudhi ya Kimarekani. Sikiliza mkazo unakaa wapi. Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaubeba mpaka kwenye Kiingereza bila kujua. "Parameter" tunasema paraMIta, wao wanasema paRAmeta. "Interval" wengi wetu tunasema inTAvo, wao INtavo. "Average" inakuwa aveREji. Ukidhani ni jambo dogo, kumbuka "barabara". Mtu akikwambia kazi imekwenda baRAbara, na mwingine akakwambia gari liko baraBAra, mkazo tu ndio umekutenganishia maana. Sasa fikiria mtoto wa miaka 18 anayesikia neno la takwimu kwa mara ya kwanza maishani, na mkazo uko mahali pasipo pake. Halitambui neno lenyewe, hata kama kila herufi umeitamka vizuri.

Dawa: andika maneno 30 ya kozi yako ambayo huwezi kufundisha bila kuyataja. Tafuta mkazo wa kila moja kwenye kamusi ya mtandaoni yenye sauti. Sema kila siku ukipiga pasi. Na siku ya kufundisha, kila neno jipya liandike ubaoni kabla hujalitamka. Mimi hiyo ya ubaoni imeniokoa kuliko kozi yote ya matamshi.

Hatua ya 3: Badilisha msamiati wa Muingereza

Hapa wasomi wetu wanashangaa. Tumefundishwa Kiingereza cha Uingereza, huku hakifuati. Wiki yangu ya kwanza nilifundisha "zed score" kwa dakika ishirini nzima. Wanaandika tu, wametulia. Mwisho kijana wa mbele akanyoosha mkono: "Sorry, what's a zed?" Darasa zima lilikuwa halijui ninazungumzia z. Huku ni "zi".

Mabano ya duara ni "parentheses", ukisema "brackets" wanafikiria yale ya pembe. Nukta ya mwisho wa sentensi ni "period". "Marks" ni "points". Kusimamia mtihani ni "proctor", ukisema "invigilate" wanakukodolea macho. "Revision" kabla ya mtihani ni "review". Na kifutio, tafadhali sana, ni "eraser". Usimwombe mwanafunzi "rubber" mbele ya wenzake, huku hiyo ni kondomu.

Hatua ya 4: Acha "Are we together?"

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote ni chumvi.

Kumbuka mwalimu wako wa sekondari. Anaeleza, anasimama: "Tuko pamoja?" Darasa: "Ndiyooo!" Anaendelea: "Kwa hiyo hii tunaiita photosyn…?" Darasa: "…thesis!" Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mtu akikupa ubao unafanya hivyohivyo bila kufikiri. Nilisimama mbele ya Wamarekani 24 nikasema: "So this one we call the standard devi…?" Kimya. Nikarudia, nimeinua nyusi: "Standard devi…?" Msichana mmoja akanihurumia, akasema kwa sauti ndogo, "Are you okay?"

Alidhani neno limenikwama kooni.

Kwao mwalimu hamalizishwi neno, na "tuko pamoja?" haijibiwi. Wakikaa kimya, kimya hicho hakina maana ya ndiyo wala hapana. Uliza swali ambalo kulijibu ni lazima mtu afanye kitu: "Wastani wa namba hizi tano utapanda au utashuka nikiondoa hii 40? Mwambie jirani yako, una dakika moja." Wapeane majibu wawili wawili, kisha chagua watu. Ukiuliza darasa zima, hesabu moja mpaka saba kimoyomoyo kabla hujajijibu mwenyewe. Saba ni ndefu kuliko unavyofikiri. Vumilia.

Na mwanafunzi akiuliza, lirudie swali lake kwa maneno yako: "Unauliza kwa nini tunagawa kwa n kutoa 1, siyo?" Hapo umehakikisha umemwelewa, wa nyuma wamesikia, na wewe umepata sekunde tano za kufikiri. Kama hujamwelewa, sema hujamwelewa. Huku mwalimu akisema "sijui, nitakuletea jibu Alhamisi" hadhi haishuki, mradi Alhamisi alete.

Hatua ya 5: Somo la majaribio

Vyuo vingi vina wiki ya mafunzo mwezi wa nane, na kuna siku ya kufundisha dakika tano hadi kumi mbele ya wenzako huku ukirekodiwa. Wabongo wengi huwa wanaandaa somo la dakika 50 na kulikimbiza. Chagua kitu kimoja kidogo. Nilimwona Mkenya mmoja wa uhandisi akieleza kwa dakika saba kwa nini daladala, yeye anasema matatu, ikifunga breki abiria wanakwenda mbele. Alitumia kopo la soda na daftari. Alipita, na sisi wenye slaidi 15 tukarudia.

Hatua ya 6: Alama

Fupi lakini ina sumu. Kwenye vyuo vyetu vingi 70 ni A. Huku kwa kawaida A inaanzia 90, na 70 ni C. Kwizi ya kwanza niliandika "Very good!" pembeni ya 71 kadhaa. Jioni barua pepe zikaanza: unanikejeli? Omba mwongozo wa kusahihisha kwa profesa kabla ya karatasi ya kwanza. Na alama ni siri. Kuna sheria ya kulinda siri za kumbukumbu za wanafunzi, FERPA, ya mwaka 1974. Usibandike matokeo ukutani kama tulivyozoea, wala usimjibu mzazi anayepiga simu, hata akilia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Bujumbura: Asante mwalimu. Mimi nimesoma kwa Kifaransa mpaka chuo kikuu. Si nitakuwa nyuma ya hao wa Nairobi?

Kwa kusikiliza, mwanzoni ndiyo. Lakini wewe huna "brackets" na "invigilate" za kujifuta. Jihadhari na maneno mapacha: "actually" si "actuellement", na "assist" si "assister". Tafuta kozi ya kuongea chuoni muhula wa kwanza hata kama hawajakulazimisha.

Mwanachama wa Mbeya: Kaka, wakinilalamikia lafudhi bila sababu je?

Itatokea, na wakati mwingine wanasikia kwa macho. Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia aliwasikilizisha wanafunzi 62 mhadhara uliorekodiwa na mzungumzaji mzawa wa Kiingereza. Wengine waliwekewa picha ya mwanamke Mzungu, wengine ya mwanamke wa Kiasia. Sauti ni ileile. Walioona picha ya Mwasia waliisikia lafudhi ya kigeni. Kwa hiyo siku ya kwanza tumia dakika kumi za mwanzo vizuri: sema unatoka wapi, waambie wakukatize wasipoelewa, andika sana ubaoni. Wiki ya nne wape vikaratasi bila majina, waandike kinachowasaidia na kinachowakwamisha. Lalamiko lenye kazi ndani yake lifanyie kazi. La chuki mpelekee profesa mapema, usikae nalo.

Dada wa Mombasa: Wananiita jina langu la kwanza, hata "madam" hakuna. Mmoja anakula baga nikifundisha. Nifanyeje?

Pole dada, mimi ilinichukua mwaka. Jina la kwanza si dharau huku, hata maprofesa wengine wanaitwa hivyo. Ukitaka "Ms." na jina la ukoo, sema siku ya kwanza na uandike kwenye silabasi, wataheshimu. Baga, kama si maabara, mwache ale.

Mwanachama wa Dodoma: Saa za ofisi, zile za wanafunzi kuja kuuliza, nakaa peke yangu, haji mtu. Niko kwenye kozi ya Kiingereza ya chuo pia. Nisome tu?

Soma, lakini kwanza badilisha unavyowaita. "Njoo ukiwa na tatizo" inawatisha, mtu anaona atajianika. Sema "Jumatano tunafanya swali la 4 na la 6 pamoja". Nilivyosema hivyo walikuja tisa, viti vikaisha.

Mwanachama wa Morogoro: Shikamoo mwalimu. Naogopa neno "sheet". Nikilitamka linageuka tusi.

Marahaba. Irabu zetu ni tano tu, kwa hiyo ile ndefu na ile fupi tunaziweka kapu moja. Ivute, tabasamu kabisa ukiisema, fanya mazoezi na mtu. Mimi nimefanya mihula sita, na mpaka leo nikigawa karatasi nasema "page".