Vuta kebo kabla hujakabidhi mtambo wa flashi

Nimefunga mitambo sita ya kuhifadhia data yenye diski za flashi (SSD) pekee hapa Dar es Salaam, na diski zenyewe zimenisumbua mara chache mno. Tunachokeshea ni mambo mawili: njia za kuzifikia, na nafasi kujaa. Nitakaa zaidi kwenye njia.

Mtambo una kontrola mbili, yaani kompyuta mbili za ndani zinazoendesha diski. Kila seva iwe na poti mbili, kila poti iende kwenye swichi yake, na swichi hizo mbili zisiunganishwe kabisa. Kila swichi nayo ifike kwenye kontrola zote mbili. Ukifanya hivyo, seva itaiona kila volyumu, yaani kipande cha nafasi ya mtambo ambacho seva hukiona kama diski, kwa njia nne. Kwenye zoni, yaani kundi la poti ambazo swichi inaziruhusu kuonana, weka poti moja tu ya seva pamoja na poti za mtambo. Ukirundika seva mbili kwenye zoni moja, moja ikiwashwa upya humsumbua jirani. Umeme vilevile: pawasaplai moja kwenye UPS hii, ya pili kwenye ile.

Mahali nilipofanya kazi zamani tulisasisha fimwea, programu ya ndani ya mtambo, usiku wa tarehe 27, mishahara ikiandaliwa. Kontrola ya kwanza ilipojizima ili iwake upya, hifadhidata ya mishahara ikasimama palepale. Zoni zote mbili za seva ile zilikuwa zimeelekezwa kwenye kontrola ileile. Zilikaa hivyo miezi minane, taa zote kijani, na hakuna aliyejua. Tangu usiku ule sikabidhi mtambo kwa kutazama taa.

Jaribio langu ni hili. Kwenye seva ya Linux andika `multipath -ll`. Chini ya kila volyumu nataka mistari minne inayosema `active ready running`. Mitambo mingi huonyesha njia mbili zenye `prio=50` (kipaumbele cha njia), zile zinazokwenda moja kwa moja kwa kontrola inayomiliki volyumu, na mbili zenye `prio=10`; si kosa. Anzisha fio, programu ya kupima diski, iandike mfululizo, kisha chomoa kebo ya poti ya kwanza kwa mkono wako. Njia mbili zibadilike kuwa `failed faulty`, uandishi ukwame sekunde chache, halafu uendelee. Rudisha kebo, subiri mistari yote minne irudi, ndipo uchomoe ya pili. Usiharakishe hapo. Watu wengi huchomoa ya pili kabla ya kwanza haijarudi, wakailaumu mashine. Mwisho, washa upya kontrola moja moja, fio ikiendelea.

Kabla ya kurudisha kebo ya fiba, safisha ncha yake kwa kile kisafishio cha kalamu. Bonyeza mpaka kilie. Kwa joto na vumbi letu, ncha iliyokaa wazi dakika tano haiaminiki.

Wanaotumia iSCSI, yaani wanaoufikia mtambo kwa mtandao wa kawaida, wahakikishe MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ni 9000 kuanzia seva, swichi, hadi mtambo. `ping -M do -s 8972` kwenda anwani ya mtambo ndiyo itakayokuambia ukweli.

Sasa nafasi. Ahadi ya muuzaji kwamba data itabanwa mara tano ipime kwa data yako. Video, picha za JPEG na chochote kilichosimbwa tayari havibaniki. Pia, faili ikifutwa kwenye seva, mtambo haujui mpaka uambiwe; washa `fstrim.timer`, itapita kila wiki. Nafasi isiporudi, tazama snapshoti za zamani, yaani picha za hali ya data ya wakati fulani, maana ndizo zinazoshikilia vipande vilivyofutwa. Mimi naweka onyo kwenye asilimia 70, na ikifika 80 sitengenezi volyumu mpya. Vilevile kila kontrola ifanye kazi chini ya nusu ya uwezo wake, kwa sababu siku moja itabeba mzigo wa mwenzake.

Fimwea za diski usizipuuze. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za aina ya SAS zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa zisiposasishwa. Hebu fikiria: diski zilizowashwa siku moja hufa pamoja, na hapo hata RAID 6, mpangilio wa diski unaolinda data diski zikifa, haikuokoi, kwani inavumilia kufa kwa mbili tu. Ndiyo maana bekapu yangu haikai kwenye mtambo uleule.

Diski ikifa, washa taa yake ya kuitambulisha, mwombe mwenzako asome namba ya nafasi kwa sauti, wewe ulinganishe na iliyo kwenye skrini. Ichomoe, weka mpya, na usiguse kitu kingine chochote kwenye raki ile mpaka ujenzi upya ufike asilimia 100.