Kufufua katapila ndogo ya zamani: anza chini, injini itakusubiri

Mtu akiniambia kapata katapila ya zamani anataka kuifufua, yeye ataanza na habari za injini. Mimi nitamuuliza minyororo ikoje. Injini iliyonata hunasuka kwa subira, lakini minyororo iliyokwisha ni pesa taslimu, na nyingi.

Nazungumzia Caterpillar D2, hasa zile za 1947 hadi 1957, ambazo huku Tanga tumezichomoa kwenye vichaka vya mashamba ya mkonge. Kabla hujalipa, soma namba ya mashine. Ikianza na 4U, kutoka katikati ya mnyororo mmoja hadi katikati ya mwingine ni inchi 40. 5U ni inchi 50. Ukiweza kuchagua, chukua 5U, maana siku utakapoingia nayo kwenye miteremko ya Lushoto zile inchi 10 utazishukuru.

Sasa lala chini yake. Meno ya spoketi, lile gurudumu la meno linalozungusha mnyororo, yakichongoka, jua mnyororo umerefuka. Angalia bushi, yale mabomba mafupi yanayovaa pini za mnyororo: zikiwa zimeliwa upande mmoja tu, mnyororo bado unasalimika. Pini na bushi hung'olewa kwa presi na kugeuzwa nusu duara, ule upande mzima ndio ukae kwenye meno. Zikiwa zimeliwa pande zote mbili, mwenzio alishazigeuza zamani, kwa hiyo punguza bei au ondoka.

Kinachosumbua wengi ni klachi za kukatia kona. Katapila haina usukani. Kila upande una klachi yake, plati kavu nyingi zilizobanana. Maji yakiingia, plati hushikana kwa kutu: unavuta leva, mashine inaenda mbele kama haijakusikia. Usikimbilie kufungua. Chini ya kila chumba cha klachi kuna plagi. Itoe, umwage uchafu. Irudishe, tia mafuta ya taa, yaache yalowe, kisha mwaga tena. Kamwe usitie petroli humo. Halafu funga leva zote mbili kwa kamba zikiwa zimevutwa nyuma, ziache hivyo usiku. Mashine ikishaweza kutembea, ipeleke uwanja mpana, giya ya kwanza, vuta leva ya upande mmoja na ukanyage breki ya upande huohuo kwa nguvu. Mara nyingi utasikia "tak!" na mashine inakata kona. Ikikataa, hapo ndipo unafungua.

Injini kubwa, yaani ile ya dizeli, ikiwa imenata, toa nozeli, mimina oili nyepesi juu ya pistoni, iache ilowe, kisha jaribu kuigeuza kidogokidogo kwa wenzo kwenye gurudumu lake, mbele na nyuma. Kabla ya kuiwasha, fungua kifuniko cha pampu ya dizeli, uguse reki, ile fimbo inayopima dizeli ya kwenda kwenye injini, kwa kidole. Lazima iteleze kwenda na kurudi. Reki iliyoganda kwenye mafuta mengi itaipandisha injini mizunguko mpaka ijivunje, na leva ya gesi haitasaidia kitu. Kwa sababu hiyo, siku ya kwanza simamisha kijana kando ya bomba la kuvutia hewa akiwa na kipande cha ubao cha kuliziba. Mkono asiweke.

D2 huwashwa na injini ndogo ya petroli ya silinda mbili. Mafundi wengi siku hizi huitupa, wakafunga stata ya umeme. Mimi siitupi. Injini ndogo inashirikiana maji na ile kubwa, na moshi wake unapasha moto hewa ya kuingilia. Unaizungusha dizeli taratibu huku mgandamizo wa hewa kwenye silinda zake umeachiwa, hadi geji ionyeshe presha ya oili. Hakuna stata itakayokupa hayo. Inachotaka ni adabu moja: ukimaliza, funga koki ya petroli na iache izimike yenyewe kabureta ikikauka. Usipofanya hivyo petroli huvuja ndani ya oili yake. Nusa kijiti cha oili kila asubuhi. Kikinuka petroli, badilisha.

Marekebisho ninayoyakubali ni ya bledi, lile bamba la mbele la kusukumia udongo. Ukiikuta ile ya kamba ya chuma yenye ngoma nyuma, badili uweke haidroliki, inayosukumwa na oili yenye presha. Pampu huendeshwa kutoka mbele ya krankishafti kwa kaplingi yenye mpira katikati, na ubavuni unafunga silinda mbili. Kamba huinua tu, kushuka ni uzito wa bledi wenyewe. Haidroliki inasukuma chini, na udongo mkavu utaona tofauti.

Ila bledi isiwe pana kupita kiasi. Uzito wote huo unalalia rola za mbele na lile gurudumu la mbele la mnyororo, kwa hiyo weka uzito nyuma au funga meno ya kuchimbulia. Na paa la nguzo za chuma nene lifungwe kwenye fremu, siyo kwenye mabati ya kiti. Mashine hizi zilitoka kiwandani hazina kitu chochote cha kumkinga dereva ikipinduka.

Mnyororo usiukaze kama gitaa: mashine ikiwa imesimama, sehemu yake ya juu ininginie kama inchi moja na nusu. Kwenye tope ulegeze zaidi, maana tope likijaa kwenye spoketi linaukaza lenyewe.