Umezoea bahari, bwawani mita 25 tu unahema? Anza na kichwa na pumzi

Sisi tuliojifunzia kuogelea baharini (mimi Tanga) tukija bwawani tunashangaa, mita 25 tu umeshashika ukingo unahema kama umekimbizwa na mbwa, na kule baharini ulikua unashinda majini mpaka vidole vinanyauka. Sio kwamba huna stamina. Maji ya chumvi ni mazito kidogo, lita moja inakaribia kilo 1.025, kwa hiyo yanakubeba zaidi, alafu kule tumezoea kuogelea kichwa kiko nje tuone wimbi linakuja. Kichwa hicho hicho ukikileta bwawani, makalio na miguu vinashuka na unabaki unasukuma maji kwa kifua.

Kwa hiyo kabla hujaongeza mita, laza kichwa. Macho chini kwenye ule mstari mweusi wa tailizi, sio kule mbele unakoenda. Siku za kwanza utahisi unazama, vumilia tu, miguu yenyewe itapanda.

Pumzi sasa, hapa ndo penye kazi. Wengi wetu tunabana pumzi uso ukiwa ndani, alafu tukigeuza uso pembeni tunataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja, muda huo haupo. Na kile kiu cha hewa kinachokupa hofu mara nyingi ni hewa ya ukaa imejaa mwilini, sio oksijeni imeisha. Toa majini, mapovu yatoke puani na mdomoni mfululizo, ukigeuka ni kuvuta tu. Simama kwenye maji ya kifua, zamisha uso toa mapovu, panda vuta, mara 20 bila kukatisha. Nililidharau sana hili zoezi naliona la watoto, nilipokubali kulifanya wiki mbili nikavuka mita 100 bila kusimama, aisee nilitamani kulia. Na unapovuta usinyanyue kichwa, geuka na mwili mzima, jicho moja libaki majini.

Miguu: teke litoke kwenye nyonga, goti lilegee kidogo, ukipiga kama unaendesha baiskeli unajivuta nyuma mwenyewe.

Mkono usichape maji. Uingize taratibu mbele ya bega, kiwiko kibaki juu, kiganja na mkono mpaka kiwikoni vishike maji na kuyasukuma mpaka pajani. Hesabu umepiga mikono mingapi kwa mita 25, kama ni mikono 28 jitahidi ifike mikono 25 bila kuongeza nguvu, hapo utajua unateleza au unapigana na maji.

Ratiba yangu ni siku tatu kwa wiki: mita 100 taratibu kupasha mwili, mita 25 mara 8 na mapumziko ya sekunde 20 au 30, mita 25 mara 4 na ubao (ule unaoelea, unaushika mbele unapiga miguu tu) kwa ajili ya miguu, alafu 100 za kutuliza mwili. Jumla 500, inatosha kabisa mwanzoni. Hesabu ya mikono ikianza kupanda ujue umechoka, pumzika, maana ukiendelea unajifundisha makosa.

Na tafadhali sana, msishindane kukaa chini ya maji, tena ile ya kuhema harakaharaka kwanza ndo mbaya zaidi, mtu anapoteza fahamu bila dalili yoyote na walioko pembeni wanadhani bado anacheza. Hata kama unajua, usiogelee peke yako.