Jinsi ya kuwaonyesha watoto Beauty and the Beast uani kwako Mtwara, wakaielewa bila kujua Kiingereza

Hii nawaandikia wazazi, mashangazi na wajomba wa huku kwetu Mtwara na Lindi wenye watoto wanaoshinda na simu wakiangalia vikatuni vya dakika mbili mbili, halafu ukiwawekea muvi nzima haijafika hata nusu washatawanyika. Muvi ya kuanzia nawapa moja tu, Beauty and the Beast ya Disney ya mwaka 1991, ile ya kuchorwa, siyo ya 2017 yenye watu halisi. Jina ni lile lile, kwa hiyo ukienda kuwekewa kwenye flashi hakikisha umeangalia picha yake kwanza, maana ya 2017 inapita saa mbili na mtoto wa miaka sita hafiki nayo mwisho. Ya 1991 ni dakika 84. Ipo kopi nyingine ndefu kidogo, wamerudisha wimbo mmoja uliokatwa mwanzoni, hiyo nayo chukua tu haina shida.

Mtu ataniuliza katuni zote zilizojaa, kwa nini hii ya zamani? Kwa sababu imesukwa vile vile ngano za bibi zetu zilivyosukwa. Bibi anasimulia, anasimulia, akifika penye uzito anaacha kusema anaimba, na nyie mnaitikia, na miaka inapita umesahau nani alimfanya nini nani lakini ule wimbo unao. Nyimbo za muvi hii maneno kaandika Howard Ashman na muziki katunga Alan Menken, na hawa watu wawili walikuwa watu wa michezo ya jukwaani New York kabla hawajaingia kwenye katuni, wao wimbo haukuwa pambo la kumpumzisha mtazamaji, wimbo ndio unaosogeza hadithi, ukiuruka hujui tena kimetokea nini. Kwenye Oscar za filamu za mwaka huo nyimbo tano zilishindania wimbo bora na tatu kati ya hizo zinatoka humu humu, na muvi yenyewe ikawa katuni ndefu ya kwanza kabisa kuingizwa kwenye kinyang'anyiro cha filamu bora. Haikupata ile ya filamu bora, lakini tuzo ya muziki na ya wimbo ilibeba.

Sasa ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini nasema hivi: usichukue kopi iliyotafsiriwa ambayo jamaa anaongea juu mwanzo mwisho. Nawaheshimu sana hao jamaa, wametulea, muvi za vita na za Kihindi tumezielewa kwa sababu yao. Lakini kwenye muvi ya nyimbo sauti yao inafunika kitu chenyewe, mtoto anaambiwa "hapa anaimba anasema anatamani maisha mengine" na wakati huo huo dada wa watu anaimba kwelikweli na mtoto hamsikii. Chukua kopi safi, kutafsiri utafanya wewe, na utafanya kabla.

Ndiyo, kabla. Siku moja kabla, jioni, wakusanye uwasimulie. Anza na paukwa, wakujibu pakawa, halafu twende: kulikuwa na mtoto wa mfalme mwenye kiburi, usiku wa baridi akaja bibi kizee mlangoni kuomba hifadhi, mkononi ana ua moja tu la kulipia, yule kijana akamfukuza kwa sababu ya sura yake. Kumbe huyo siye bibi kizee wa kweli, akamgeuza kijana zimwi, na watumishi wote wa jumba wakageuka vyombo, huyu birika, huyu kinara cha mshumaa, huyu saa ya mezani, na mtoto wa birika akawa kikombe. Lile ua likabaki linapukutika jani jani, na jani la mwisho likidondoka kabla zimwi halijapenda na kupendwa basi, ndio imetoka. Halafu simulia kuhusu binti wa kijijini anayependa kusoma vitabu mpaka watu wanamshangaa, na mwanaume mmoja mzuri wa sura anayeitwa Gaston anayeng'ang'ania kumwoa. Ishia hapo. Wakikulilia uwaambie mwisho, usiwaambie.

Wala usiogope kupunguza au kuongeza maneno yako. Hadithi hii imepita mikono mingi, mama mmoja wa Ufaransa Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliitoa mwaka 1740 ikiwa ndefu mno, mwaka 1756 mwenzake Jeanne-Marie Leprince de Beaumont akaikata ikawa fupi ya kusomea vijana, ikaja hawa wa Disney wakamfanya baba yake binti kuwa mgunduzi wa mamashine wakati kwenye ya zamani alikuwa mfanyabiashara. Na huyo Gaston wamemweka wao. Kwa hiyo na wewe wa Chikongola au Mikindani au kule Lindi Mtanda una haki yako.

Halafu wafundishe kiitikio. Siyo maneno ya Kiingereza, hapana, tunga chako kifupi cha Kiswahili kinachobeba shabaha ya wimbo. Kwa wimbo wa kwanza mimi natumia hiki, mkubwa anaita "binti huyooo!" watoto wanajibu "kashika kitabu!", "anakwenda wapi?" "hatumjui!" Wimbo ule wa kwanza binti anatoka nyumbani anapita sokoni, watu wanafungua madirisha, muuza mikate na sinia lake, kila mtu ana neno la kusema juu yake, na yeye anasoma tu, anakaa kwenye chemchemi ya maji kondoo wanamzunguka na mmoja anatafuna ukurasa wa kitabu. Ndani ya wimbo huo mmoja umeshamjua binti, umekijua kijiji, umemjua Gaston na anachokitaka. Muvi nyingine zingetumia nusu saa. Watoto wakiwa na kiitikio chao midomoni wanajua ni umbea wa mtaa unaimbwa, na umbea wa mtaa hakuna mtoto wa uswahilini asiyeujua. Na wape kazi moja ya macho: binti kavaa bluu, watafute mtu mwingine pale kijijini aliyevaa bluu. Watatafuta sana. Wachoraji walimwachia yeye peke yake makusudi, ili umwone hayuko sawa na wenzie kabla hata hajafungua mdomo. Baadaye mtoto mwenye macho atakuja kukwambia macho ya zimwi nayo ni ya bluu, hapo mpe korosho.

Siku yenyewe iwe ijumaa au jumamosi ili shule isisumbue, na anza saa mbili usiku watu washatoka msikitini kwenye isha, giza limekolea, ukihesabu na kusimama simama saa nne kasoro mmemaliza. Kama una TV ya flati ya kutosha itoe nje na mkeka utandike mbele, imeisha hiyo. Kama umeazima projekta basi shuka jeupe, na hapa nawaomba mnisikilize hasa miezi ya kusi: ukifunga kamba juu tu shuka linajaa upepo kama tanga na sura za watu zinavimba na kusinyaa. Kunja pindo la chini, shona kwa mkono hata mishono mikubwa mikubwa, pitisha ufito mnyoofu kutoka upande hadi upande, kisha kila ncha ya ufito ifunge kwenye tofali. Nyosha mpaka ukiligonga kwa kidole lirudi lenyewe. Spika iweke nyuma ya shuka, usiiweke pembeni ya projekta, maana sauti ikitoka mgongoni kwao watoto wanageuka geuka. Na tumia waya, achana na bluetooth, inachelewesha sauti kidogo na kwenye kuongea hutagundua lakini kwenye kuimba mdomo unafunga na sauti bado inakuja, inaudhi. Laptopu ijae chaji. Umeme ukikatika projekta imekufa, ila laptopu inabaki, mnasogea karibu mnaendelea hivyo hivyo.

Chakula usigawe mwanzoni. Chemsha ming'oko na chumvi yake mapema, funika kwenye sinia, subiri. Utafika wimbo ambao binti ana njaa, amenuniana na zimwi, ameshuka jikoni usiku na vyombo vinamwandalia karamu, masahani yanacheza, vijiko vinaruka, kinara cha mshumaa ndio kiongozi wa shughuli. Ni wimbo wa karibu mgeni, kwa watu wa kusini huo hauhitaji mkalimani. Hapo ndipo unaingiza sinia. Wenyewe walioutunga walipanga vyombo vimwimbie baba yake binti aliyefika jumbani mwanzo, baadaye wakaona hapana, mwenye hadithi ni binti, wakauhamishia kwake ingawa kazi ilishaanza. Wangeuacha kwa baba ungekuwa wimbo mzuri tu wa kupita.

Kuhusu woga. Zimwi likiunguruma mara ya kwanza, na pale mbwa mwitu wanapotokea kwenye theluji, wadogo watalia wengine. Wapakate, usiwaambie siyo kitu. Nina mchezo ambao unasaidia, unasimamisha picha zimwi likiwa limeonekana lote unawauliza ni mnyama gani huyu. Atakwambia simba kwa sababu ya manyoya ya shingoni. Mwingine nyati, kweli, kichwa ni cha nyati. Aliyelichora, Glen Keane, alichanganya, manyoya ya simba, kichwa cha nyati, paji la uso la gorila, meno ya nguruwe pori, mwili wa dubu, miguu na mkia wa mbwa mwitu. Watoto wakishalikata kata zimwi hivyo vipande vipande hawaliogopi tena, wanaanza kulichunguza, na ukilichunguza utaona macho ni ya mtu.

Sehemu za kusimamisha zisizidi tatu nne. Baada ya wimbo wa kwanza, hapo kwenye zimwi, na labda binti anapokubali kubaki badala ya baba yake, uulize tu "nyie mngebaki?" kisha bonyeza uendelee hata kama wanabishana. Ila kwenye kucheza ukumbini USIGUSE KITU. Binti kavaa gauni la njano, zimwi limechanwa nywele, birika linaimba. Usitafsiri, usikohoe. Ule ukumbi ulitengenezwa kwa kompyuta, enzi hizo ilikuwa kitu kipya kabisa, ndiyo maana macho yako yanashuka kutoka kwenye taa za darini yanawazunguka wanaocheza, wakati wao wenyewe wamechorwa kwa mkono. Sauti ya birika ni Angela Lansbury, mama wa miaka sitini na kitu wakati ule, ambaye aliona wimbo haumfai akaombwa arekodi mara moja tu kwa ajili ya akiba, na hiyo mara moja ndiyo iliyowekwa kwenye muvi. Ukimsikiliza haimbi kwa kujionyesha, anaimba taratibu kabisa, bibi anamwimbia mtu anayemjua. Wimbo huo ndio ulioshinda Oscar.

Wanakijiji wanapochukua mienge kwenda kuliua zimwi watoto watapiga makofi na kukanyaga chini kwa ule mdundo, waache. Huyo Gaston wao walishamcheka na kumshangilia pale baa anapoimbiwa sifa za misuli yake. Wenyewe tu katikati utasikia mmoja anasema "si wanakwenda kumpiga yule wetu?" na makofi yanakatika. Hakuna maelezo yako yatakayofanya kazi hiyo.

Ikiisha usizime haraka. Watoto wapelekeni kulala ila wakubwa mliobaki subirini majina yapite, mwishoni kuna maneno ya kumshukuru Ashman, yule mwandishi wa maneno ya nyimbo, aliyempa nguva (wa muvi yao nyingine, The Little Mermaid) sauti yake na zimwi roho yake. Alifariki kwa UKIMWI mwezi Machi 1991 akiwa na miaka 40, muvi ikatoka Novemba. Sehemu ya nyimbo hizo alizifanyia kazi akiwa mgonjwa. Mimi nikishajua hilo ule wimbo wa karibu mgeni siusikilizi tena kirahisi.

Kesho yake wakichukua masufuria na vikombe wakaanza kuimba waacheni, vifiche tu vya udongo. Wakikuomba uirudie, rudia, mara ya pili hawahitaji kabisa kusimamishiwa. Na ikishawakolea nendeni kwa nguva mwenyewe, The Little Mermaid ya 1989, watunzi ni hao hao Ashman na Menken, haifiki saa moja na nusu, simulia kabla, tunga kiitikio kipya, na kama uko Mikindani au Kilwa habari za baharini watakueleza wao.